Mgeni Mpe Jembe: Ushirika wa Makanisa Tangu Kaimosi Hadi Mlima Elgon

Sirisia ni nchi ya wakulima, chini ya miteremko ya Mlima Elgon, katika Kaunti ya Bungoma, wala si mbali na mpaka wa Uganda. Watu wake hulima mahindi na maharagwe, kahawa na ndizi, na upande wa Malakisi pamba na tumbaku zimejulikana kwa miaka mingi. Siku ya Jumapili njia hujaa watu waliovaa nguo safi. Hawa waenda kwa Wakatoliki, hawa kwa Waanglikana, hawa kwa Jeshi la Wokovu, hawa kwa Wapentekoste, na wengi waenda kwa Kanisa la Marafiki, ambalo wengine hulijua kwa jina la Quaker. Karibu kila moja la makanisa hayo lina ndugu zake ng'ambo ya bahari. Mara kwa mara wageni hufika, hupokewa kwa nyimbo, huchinjiwa kuku, hupigwa picha pamoja na wenyeji, kisha huenda zao.

Wageni wakiisha kwenda, wazee wa kanisa hubaki na swali lililo kongwe kuliko umri wao. Je, ushirika huu ni wa namna gani? Ni wa mtu atoaye na mtu apokeaye, au ni wa ndugu wawili ambao kila mmoja ana kitu cha kumpa mwenzake? Historia ya Kanisa la Marafiki katika nchi hii ina umri wa zaidi ya miaka 120, nayo ina mambo mema na mambo machungu. Anayeifuata tangu mwanzo hadi siku zetu ataona kwamba swali hilo limekwisha kujibiwa, na jibu lake halikutoka mahali ambapo watu wengi wangelitazamia.

WATU WATATU WAFIKA KAIMOSI

Katika mwaka 1902 Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walishuka katika bandari ya Mombasa, wakapanda gari la moshi mpaka Kisumu. Reli ilikuwa imefika ziwani mwaka uliotangulia. Kutoka Kisumu walipanda milima mpaka Kaimosi, mahali penye msitu mkubwa na maji mengi, na katika mwezi wa Agosti wakachagua mahali hapo pawe makao yao.

Bwana Hotchkiss hakuwa mgeni kabisa. Alikuwa amekwisha kukaa katika nchi ya Wakamba katika miaka ya 1890, akaona wenzake wakifa kwa homa mmoja baada ya mwingine. Aliporudi kwao aliwaambia Marafiki wa Marekani kwamba mahubiri peke yake hayatoshi, na kwamba ni lazima watu wafundishwe pia kazi za mikono ili kanisa lao liweze kujitegemea. Kwa hiyo kazi ile ilipewa jina la Misheni ya Viwanda. Pale Kaimosi palijengwa mashine ya kupasulia mbao, na vijana wakafundishwa useremala, kufyatua matofali na kilimo. Daktari Elisha Blackburn alifika katika mwaka 1903, na Bwana Emory Rees na mkewe wakafika katika mwaka 1904.

Walakini yafaa msomaji akumbuke jambo moja ambalo vitabu vya ng'ambo hulitaja kwa ufupi tu. Wageni wale walikuwa wachache, na nchi ilikuwa kubwa. Kazi ya kueneza mafundisho kijiji kwa kijiji ilifanywa na Waafrika wenyewe. Miongoni mwa waumini wa kwanza walikuwapo Daudi Lung'aho na mkewe Maria Maraga, ambao nyumba yao ilikuwa mfano kwa wengine. Katika kazi ya kutafsiri Maandiko kwa Luragoli, Bwana Rees alisaidiwa na Joel Litu, Mmaragoli aliyejua lugha yake mpaka mizizi. Biblia nzima ya Luragoli ilitolewa katika mwaka 1951, baada ya kazi ya miaka mingi. Mzungu alileta ujuzi wa kuandika na kuchapa, na Joel Litu akaleta lugha. Kazi ya mmoja bila ya mwenzake isingaliweza kutimia.

LUGULU NA NCHI YA WABUKUSU

Kutoka Kaimosi kazi ilikwenda kaskazini. Katika miaka ya 1910 kituo kilifunguliwa Lugulu, katika nchi ya Wabukusu, na Bwana Jefferson Ford na Bibi Helen Ford wakakaa huko kwa muda mrefu. Kutoka Lugulu walimu walitumwa kwenda Kimilili, na pande zote za mlimani na bondeni. Baadaye hospitali na shule ya wasichana zilipata jina kubwa pale Lugulu, na katika miaka ya 1950 shule ya sekondari ya wavulana ikaanzishwa Kamusinga, karibu na Kimilili. Wengi waliopata kuwa makarani, walimu na wakuu katika Kenya walipita katika madarasa ya shule hizo.

Hapa napo wenyeji hawakukaa mikono mitupu. Ardhi ya makanisa na ya shule za vijijini ilitolewa na koo. Miti ilikatwa na wanaume, udongo ulikandwa na wanawake, nyasi za kuezekea zililetwa kwa vichwa, na mwalimu alilishwa na wazazi wa watoto. Kama mtu angeliandika hesabu ya vitu hivyo vyote, upande wa wenyeji katika daftari ungelijaa.

Bali daftari kama hilo halikuandikwa. Zawadi ya ng'ambo ilipimwa kwa fedha, ikatangazwa kwa barua na kwa picha. Zawadi ya mwenyeji ilihesabiwa kuwa ni wajibu wake tu. Tena maamuzi makubwa, ya mali na ya kanuni, yalikuwa katika mikono ya wamisionari. Hata kitabu kilikuwa cha Luragoli, ambayo si lugha ya nyumbani kwa Mbukusu. Mambo hayo madogo madogo yalikusanyika kama maji nyuma ya ukingo.

MALAKISI, 1948

Zaidi ya hayo, misheni ilikuwa imefika wakati mmoja na serikali ya kikoloni, na watu wengi hawakuweza kutenganisha hizi mbili. Wazee waliikumbuka vita ya Chetambe ya mwaka 1895, ambapo Wabukusu wengi waliuawa kwa bunduki. Waliona ardhi ya Trans Nzoia ikigawiwa walowezi wa Kizungu, na mji wa Kitale ukikua katika malisho ya zamani ya Waafrika. Walilipa kodi, na wakashurutishwa kufanya kazi wasizozipenda.

Katika miaka ya 1940 Elijah Masinde wa Kimilili, mchezaji mashuhuri wa kandanda ambaye zamani alikuwa mfuasi wa Kanisa la Marafiki, alianza kuhubiri Dini ya Msambwa. Aliwaambia watu warudi kwa Mungu wa wahenga wao, na kwamba Wazungu waondoke nchini. Mwezi wa Februari 1948 kundi kubwa la wafuasi lilikwenda katika misheni ya Kikatoliki ya Kibabii, likawataka mapadre waende zao. Siku chache baadaye, tarehe 10, umati ulikusanyika Malakisi, na polisi wakafyatua risasi. Watu 11 waliuawa. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku, na Masinde mwenyewe akakamatwa na kupelekwa mbali mpaka Lamu. Hakurudi nyumbani ila Uhuru ulipokuwa umekaribia.

Jambo la kuhuzunisha ni hili: mwaka mmoja tu kabla ya damu ile kumwagika, mashirika ya Marafiki ya Uingereza na ya Marekani yalikuwa yamepewa Tuzo ya Nobel ya Amani, kwa kuwasaidia watu walioumizwa na vita bila ya kuuliza ni wa upande gani. Sifa hiyo ilikuwa ya haki. Lakini mkulima wa Malakisi aliyefiwa na nduguye hakupata kuona amani hiyo. Aliona dini iliyoletwa na watu wa rangi moja na askari.

Waumini wengi hawakumfuata Masinde, na hata leo wazee huhitilafiana katika kumhukumu. Hata hivyo swali lake lilibaki, na makanisa hayakuweza kulikimbia: Kanisa hili ni la nani?

KANISA LAPATA WENYEWE

Kwa upande wa Marafiki jibu lilikuwa limeanza kutolewa. Katika mwaka 1946 Mkutano wa Mwaka wa Afrika ya Mashariki uliundwa, nao ni baraza kuu la kanisa, lenye haki ya kujiamulia mambo yake. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 mali na uongozi vilizidi kupita katika mikono ya Waafrika. Thomas Lung'aho, mwana wa Daudi na Maria waliotajwa juu, alikuwa katibu aliyeongoza ofisi ya kanisa hilo. Hivyo mtoto wa waumini wa kwanza akawa msimamizi wa nyumba ambayo wazazi wake waliingia kama wageni.

Kujitawala hakukuondoa taabu zote. Palitokea ugomvi wa vyeo, wa fedha na wa makabila, na katika miaka ya 1970 Marafiki wa upande wa Elgon walijitenga wakaunda mkutano wao. Baadaye mikutano mingine ikazaliwa. Wengine ng'ambo walitikisa vichwa, wakasema kwamba Waafrika wameshindwa. Lakini Marafiki wa Marekani wenyewe walikuwa wamegawanyika mara nyingi tangu karne ya 19, kwa sababu zilizofanana na hizo. Na katika kugawanyika huko kanisa la Kenya halikupungua, bali lilikua. Leo hapana nchi duniani yenye Marafiki wengi kuliko Kenya, wala Uingereza iliko asili ya kanisa hilo, wala Marekani waliotoka wamisionari. Mwaka 2012 Marafiki wa dunia nzima walipokusanyika kwa mkutano mkuu, walikuja Kabarak, karibu na Nakuru.

MBEGU YAVUKA MPAKA

Sasa yatupasa kurudi nyuma kidogo na kumfuata mmoja wa wale watatu wa mwaka 1902. Arthur Chilson alifanya kazi Kenya kwa miaka mingi. Kisha, katika mwaka 1934, yeye na mkewe Edna walikwenda Burundi, wakafungua kituo mahali paitwapo Kibimba. Bwana Chilson alifariki huko katika mwaka 1939. Kanisa la Marafiki la Burundi likakua kutoka Kibimba, kama vile la Kenya lilivyokua kutoka Kaimosi, na baadaye kanisa hilo likafika Rwanda pia.

Mwezi wa Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa na askari, na nchi ikaingia katika mauaji ya Wahutu na Watutsi. Kibimba haikuokoka. Wanafunzi wa Kitutsi wa shule ya hapo walichomwa moto wakafa, na watu wa makabila hayo mawili wakahama, hawa upande huu, hawa upande ule. Mwaka uliofuata Rwanda nayo iliangamia kwa mauaji ya kimbari.

Mtu angeweza kudhani kwamba kazi ya miaka 60 imepotea. Lakini katika majivu yale ya Kibimba watu wachache wa makabila yote mawili walianza kukutana, wakaunda kamati ya amani, ili shule na hospitali zifunguliwe na watu waweze tena kupita katika njia moja. Kisha, katika mwaka 2003, Marafiki wa Rwanda na wa Burundi, pamoja na wenzao wa Marekani, walitunga mafundisho ya kuponya watu walioumizwa rohoni na vita. Mafundisho hayo hujulikana kwa herufi HROC, na maana yake ni kuponya na kujenga upya jumuiya zetu.

Namna ya kufanya ni nyepesi kueleza, ingawa si nyepesi kutenda. Watu wapatao 20 huketi pamoja kwa siku 3, nusu yao wa upande mmoja na nusu wa upande waliopigana nao. Siku ya kwanza hujifunza jinsi vita inavyomwumiza mtu ndani: kukosa usingizi, kushtuka, hasira isiyo na sababu, kutotaka kusema na watu. Siku ya pili kila mmoja huomboleza aliowapoteza, mara nyingine kwa mara ya kwanza. Siku ya tatu huchorwa miti miwili. Mmoja ni mti wa kutoaminiana, na mwingine ni mti wa kuaminiana. Watu hutaja wenyewe mizizi ya kila mti na matunda yake, kisha huulizwa ni mti gani wanaoupanda katika kijiji chao.

VITA YA ELGON NA MAJIRANI WALIOFIKA

Mlimani Elgon palikuwa na ugomvi wa ardhi tangu mpango wa makazi wa Chebyuk ulipoanza katika mwaka 1971. Koo za Wasabaot ziligombania mashamba, na kila mgawanyo mpya ulizidisha uchungu. Tangu 2006 wapiganaji waliojiita Jeshi la Kulinda Ardhi ya Sabaot waliua watu, wakawakata wengine masikio, na wakatoza kodi kwa nguvu. Mwezi wa Machi 2008 jeshi la serikali liliingia, na mashirika ya haki za binadamu yakashutumu pande zote mbili kwa kuwatesa raia. Mamia ya watu waliuawa. Maelfu walikimbia nyumba zao: wengine walishuka bondeni pande za Sirisia na Bungoma, wengine wakaenda Kitale, na wengine wakavuka mpaka kuingia Uganda.

Katika miezi hiyo hiyo Kenya nzima ilikuwa ikitetemeka kwa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mwezi wa Januari 2008 viongozi wa Marafiki walikutana Kakamega, wakaunda kikosi cha amani cha kanisa lao. Walipeleka chakula na mablanketi katika kambi za waliohama, na zaidi ya hayo walikaa wakawasikiliza. Upesi waliona kwamba unga na mahema havitoshi. Mtu aliyeona nduguye akiuawa na jirani anayemjua kwa jina hawezi kuponywa kwa gunia la mahindi.

Ndipo mafundisho ya Rwanda na Burundi yalipoletwa Mlima Elgon. Waliotoa mafunzo hayo kwanza walikuwa watu waliokwisha kupita katika moto wenyewe, nao wakawaandaa Wakenya kuwa walimu. Pamoja nayo yalikuja mafundisho mengine, yaitwayo Njia Badala ya Jeuri, ambayo yalianza mwaka 1975 katika gereza moja la jimbo la New York, wafungwa walipowaomba Marafiki wawasaidie kuwageuza vijana waache jeuri. David Zarembka, Mmarekani aliyeratibu kazi hiyo ya Maziwa Makuu, aliishi Lumakanda miongoni mwa watu wa nchi mpaka alipofariki katika mwaka 2021.

Hapo ndipo jibu lilipo. Mbegu iliyopandwa Kaimosi katika mwaka 1902 ilichukuliwa mpaka Burundi katika mwaka 1934, na baada ya miaka zaidi ya 70 ikarudi Elgon ikiwa chakula. Iliyoirudisha si nchi tajiri. Marekani ilitoa fedha za safari na za karatasi, na jambo hilo lastahili shukrani. Lakini ujuzi wenyewe, wa jinsi ya kuketi na adui yako katika chumba kimoja, ulitoka kwa Mrundi na Mnyarwanda, watu maskini kama mkulima wa Elgon, waliokwisha kupoteza kama yeye.

WAJIBU WA MWENYEJI

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo si ya kumfukuza mgeni. Ni ya kumheshimu, maana anayepewa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Kanisa linalompokea mgeni kwa kuku na nyimbo miaka nenda miaka rudi, bila ya kumpa jembe, limemfanya awe mgeni daima, nalo limejifanya kuwa mwombaji daima.

Basi kanisa la kijijini lenye ndugu ng'ambo halina budi kufanya mambo matatu. La kwanza, liandike katika daftari kila kitu ambacho wenyeji wametoa, ardhi na mawe na siku za kazi, na wageni wakifika lisomwe mbele yao pamoja na hesabu za fedha zao. La pili, kabla ya kupokea jengo au mashine, liulize ni nani atakayelipa fundi na mlinzi wafadhili wakiisha kuondoka. Zahanati isiyo na mlipaji wa dawa ni nyumba tu. La tatu, likumbuke kwamba lina kitu cha kutoa. Watu wa Sirisia walipokea waliokimbia kutoka mlimani, wakawapa mahali pa kulala kabla gari lo lote la msaada halijafika. Huo nao ni ujuzi, na yako makanisa katika nchi kubwa ambayo yangefaidika kufundishwa namna ya kumpokea mkimbizi.

Mlima Elgon leo umetulia, ingawa kesi za ardhi hazijaisha zote. Watoto waliozaliwa mwaka 2008 wamekuwa vijana, na baadhi yao hawajui kwa nini baba zao huacha kusema mara jina la mtu fulani linapotajwa. Kazi ya kuwaeleza, bila ya kuwarithisha chuki, haitafanywa na mgeni ye yote. Mkulima na karani wa nchi hii ndio waliokabidhiwa jembe hilo.